Mgambo Kwenye Skrini Mbili

Zamani mgambo hakuwa mtu. Mgambo ulikuwa mwito. Kule pwani, wakubwa wa mji walipotaka watu wakusanyike, au wajue kwamba kuna amri mpya, ilipigwa mbiu, yaani pembe la nyati, ikapitishwa mitaani, na kila aliyeisikia aliacha alichokuwa akifanya akatega sikio. Ndiyo maana wazee wanasema la mgambo likilia kuna jambo. Huyu mgambo mwenye kofia na kirungu, anayewatoa mbio akina mama wenye mabeseni ya ndizi, amekuja baadaye sana, hasa baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 kutaka wananchi wafundishwe ulinzi. Jina la mwito likahamia kwa mtu. Kwa muuza ndizi labda hakuna kilichobadilika: mgambo ukija, unaacha ulichokuwa unafanya.

Nimeanzia mbali makusudi, kwani ninachotaka kukiandika ni kitu kidogo mno, ambacho wengi wetu tunakifukuza kwa kidole kama nzi. Ni kile kisanduku kinachochomoza pembeni mwa kioo cha kompyuta wakati wewe umezama katika kuandika. Fulani amekutumia ujumbe. Wino unakaribia kwisha. Programu yako imepata toleo jipya. Mitambo inayosema Kiswahili inakiita arifa, neno zuri, ndugu yake taarifa.

Mimi ninafanya kazi kwenye stesheneri moja hapa Morogoro. Mchana nachapa barua za watu, usiku nakipanga hiki kijarida mnachokisoma. Mezani nina skrini mbili zilizounganishwa na kompyuta moja. Moja inanitazama mimi, nyingine imegeuziwa mteja ili aone barua yake inavyochapwa, asije akasema baadaye kwamba jina la baba mkwe wake limekosewa. Swali lililonikaa kichwani ni hili: arifa inapokuja, inaangukia kioo kipi, na nani kaamua? Nilipoanza kulichimba nikakuta ni swali la zamani. Milima hii ya Uluguru ilikwisha kulijibu mara kadhaa kabla umeme haujafika.

Tuanze na mji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alipita hapa chini ya mlima akakuta mji wenye ukuta wa mawe na minara. Ulijulikana kama Simbamwene. Aliyeujenga ni Kisabengo, Mzigua, mtu wa vita, na Stanley alipofika Kisabengo alikwisha kufa na bintiye ndiye aliyeshika utawala. Njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita hapo hapo. Msafara wa zamani haukuja kimya kimya. Mbele alitangulia kirangozi, pakawa na ngoma na baragumu, na ulipokaribia mji bunduki zilifyatuliwa hewani ili wenyeji wajue kwamba wanaokuja ni wafanyabiashara na si wezi. Ndani ya ukuta mmoja sauti moja inatosha. Wote wanasikia kwa pamoja, tajiri na mtumwa, na hakuna anayeweza kusema hakupata habari.

Mlimani mambo yalikuwa mengine kabisa. Waluguru hawakujifungia ndani ya ukuta, nyumba zao zilitawanyika juu ya vilima, na watu walihesabiana kwa koo za upande wa mama, kila ukoo na mzee wake na ardhi yake. Kingalu wa Kinole, ambaye jina lake sasa limepewa soko kuu la mjini, alisifika kwa uwezo wa kuleta mvua, lakini hakuwa mfalme wa milima yote. Kwa hiyo habari ilipanda kwa vituo. Ilifika kwa mzee wa kilima hiki, naye akaamua: aipeleke kilima cha pili, aikalie kwanza, au aiseme kwa watu wawili tu. Mwito ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu.

Na penye bawabu hapakosi mnong'ono. Katika milima hii kulikuwa na pango la Kolelo, mahali patakatifu palipojulikana mbali sana. Watu walitoka hadi Uzaramo kuja kuomba mvua na mavuno. Mwaka 1905, wakati kusini kunaanza kufukuta, miongoni mwa Wazaramo zilienea habari kwamba Kolelo amekataza kuwalipa Wajerumani kodi. Hebu fikiri. Hakuna gazeti, hakuna mbiu, hakuna tangazo lililobandikwa bomani, lakini habari imefika kijiji hadi kijiji, na bwana mkubwa ndiye wa mwisho kujua.

Huko Umatumbi habari za maji ya Kinjekitile zilisafiri kwa namna hiyo hiyo, na wenyewe walikuwa na jina lake: njwiywila. Ni mnong'ono wa siri, unaopokewa na kupokezwa. Neno hilo tunalo leo kwa sababu wazee waliopitia Maji Maji walihojiwa, na G.C.K. Gwassa pamoja na John Iliffe wakachapisha masimulizi hayo mwaka 1968. (Vijana mnaotaka kuandika historia, tafuteni kitabu hicho. Wazee wanasimulia wenyewe kwa vinywa vyao, na kinasomeka kuliko riwaya nyingi.)

Hapa ndipo ninapoona skrini mbili kwa mara ya kwanza. Skrini moja ilielekea bomani: akida akiita baraza, watu wanakuja, wanakaa, wanasema ndiyo bwana. Skrini nyingine ilielekea nyumbani, na humo ndimo yalimopita mambo yenyewe. Mtu yule yule alizitazama zote mbili, na siri yote ilikuwa kutochanganya. Arifa ya njwiywila ikiangukia kwenye skrini ya boma, watu wananyongwa. Si maneno ya kupamba. Mwaka ule wa 1905 ndivyo alivyonyongwa Kinjekitile mwenyewe.

Wajerumani nao hawakulala. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, na sambamba nayo zikaja nyaya za simu. Pamoja na reli ikaja saa, na pamoja na saa ikaja kengele. Kwenye mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji huu, kengele ya alfajiri ilimwita mtu mwenye kipande mfukoni, ile kadi ambayo ilibidi ijae siku 30 za kazi ndipo alipwe. Asiyeitikia kengele, siku yake haikutiwa alama. Mpaka leo shule nyingi za nchi hii zinagonga kipande cha chuma cha reli au rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni. Chuma kile kile kilicholeta treni ndicho kinachomwambia mtoto wa Mkuyuni kwamba mapumziko yamekwisha.

Lakini mwito ukizidi unajichosha. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya Mwingereza iliendesha Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi, na amri kubwa ndani yake ilikuwa kukata matuta ya ngazi milimani ili udongo usimomonyoke. Kwa mtu aliyeutazama mlima kwa darubini kutoka mjini, wazo lilikuwa zuri. Kwa mwenye jembe ilikuwa balaa. Udongo wenye rutuba kule juu ni tabaka jembamba tu. Ukikata ngazi unaufukia wenyewe na kuutoa nje ule wa chini usiootesha kitu. Watu walikata, wakapanda, wakavuna kidogo kuliko mwanzo, na amri zikazidi kuja: baraza leo, baraza kesho, faini, matuta tena.

Basi ile skrini ya pili ikawaka. TANU ilikuwa imeundwa Julai 1954, na mlimani ikakuta watu ambao tayari wana la kusema. Mwaka 1955 huko Matombo mambo yakafumuka. Umati ulikusanyika na ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ule ukafa. Ninachokiona mimi hapo, ukiacha siasa yenyewe, ni kwamba waliotoa amri hawakuwa na njia ya kujua kama wanasikilizwa. Baraza lilijaa kila mara! Walihesabu waliohudhuria wakadhani wamehesabu waliokubali.

Redio naipita haraka, maana kila mtu ana kumbukumbu zake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kufikia mwaka 1965 tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Waliokulia miaka ile hawajaisahau ngoma iliyotangulia taarifa ya habari. Na hawajasahau matangazo ya vifo, ambapo nyumba nzima ilinyamaza ikisubiri kama litatajwa jina la kwao. Redio moja, uani, watu kumi na watano. Hapo tulirudi ndani ya ukuta wa Kisabengo kwa muda.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Ya kwanza katika Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zikavurugika vibaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta, pamoja na televisheni. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Wako wanaoicheka. Mimi siichekei sana, nchi ilikuwa haina fedha za kigeni na mashine zilikuwa zimeumbua watu. Ila miaka ile tuliyokaa nje ndiyo miaka ambayo kompyuta ilijifunza kuita, na sisi hatukuwamo chumbani.

Ilijifunzaje? Kwanza ilirithi kengele kutoka kwa ndugu zake wakubwa. Mashine za teleksi zilikuwa na kengele ya kweli ndani yake, ya chuma, na aliye upande wa pili aliweza kuipiga kwa kutuma alama maalumu. Katika vyumba vya habari idadi ya milio ilionyesha uzito wa habari, na mhariri alijua kabla hajainuka kitini kama ni bei ya pamba au ni vita. Mwaka 1963 Wamarekani walipopanga msimbo wa herufi za kompyuta, ile alama ya kengele iliingizwa humo ikapewa namba 7. Imo mpaka leo ndani ya kompyuta yako, ingawa kengele yenyewe hakuna tena.

Halafu akaja mbwa. Kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, palikuwa na mwanafunzi aitwaye Heidi Stettner aliyekuwa na mbwa wake, Biff, anayezurura naye maofisini. Mwaka 1980 mwenzao John Foderaro aliandika programu ndogo ya kukujulisha barua inapoingia, akaipa jina la mbwa huyo. Hadithi kwamba Biff alikuwa akimbwekea mtu wa posta ni chumvi tu iliyoongezwa. Kinachonivutia ni amri zake. Ukiandika biff na herufi y, unajulishwa. Ukiandika biff na n, ananyamaza. Maneno mawili, na mwenye kuyaandika ni wewe unayeitwa.

Skrini ya pili nayo ina tarehe zake. Macintosh II ya mwaka 1987 iliruhusu skrini zaidi ya moja kwenye kompyuta moja, na Windows 98 ikaja na nafasi ya skrini hadi tisa. Tisa! Kabla ya hapo, mwaka 1995, Windows ilikwisha tenga kijisehemu karibu na saa, pembeni chini, kwa ajili ya kuarifu. Mwaka 1999 programu ya soga ya MSN Messenger ilileta vibao vilivyopanda kutoka chini kama mkate unaoruka kutoka kwenye tosta, na wataalamu wakaviita hivyo hivyo, tosti. Windows 8 ya mwaka 2012 ilivifanya kuwa sheria ya mashine nzima, na mwaka huo huo Apple wakafungua kituo chao cha arifa. Tangu hapo kila programu, hata ile ya kufungulia picha, ikapata ruhusa ya kupiga pembe.

Waandishi wa Morogoro waliojifunza kuchapa miaka ya mwanzo ya 1990, huku SUA na Mzumbe au kwenye ofisi za wafadhili, walikuta WordPerfect kwenye DOS: kioo cha bluu, maneno meupe, basi. Hakuna aliyekuja kukugonga begani. Kama ni kelele, ni ile bip moja ya kukuambia umebonyeza kitufe kisichofaa. Najua watu wazima wanaoizungumzia skrini ile ya bluu kama wanavyozungumzia mchumba wa zamani. Kuhusu jina la mashine yenyewe tulishindana pia, kompyuta, tarakilishi, na wako waliopendekeza ngamizi, neno ambalo mimi kila nikilisikia nasikia angamiza.

Na sisi tulikuwa na uvumbuzi wetu, jamani, tusijidharau. Simu za mkononi zilipoanza kuenea na vocha kuwa ghali, tukabuni kubipu. Unapiga, inaita mara moja, unakata kabla mwenzio hajapokea. Arifa tupu, bila maneno, bila senti. Maana yake mlikubaliana kabla: bip moja nimefika, mbili nipigie, tatu usinipigie mzee yuko nyumbani. Ni njwiywila kamili. Mnara wa mawasiliano uliopo kilele cha Bondwa unaipokea na kuipokeza, bawabu asiyejua anachopitisha.

Ubaya wa arifa za leo ni kwamba zote zina kimo kimoja. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, watu wakakimbilia petroli, na moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Asubuhi ile nilikuwa kazini mbele ya skrini zangu mbili na vikaanza kuchomoza visanduku. Umemwona fulani? Wanahitaji damu hospitali ya mkoa. Halafu, katikati, kisanduku kile kile, upana ule ule, mlio ule ule: bahatisha timu tatu ushinde. Halafu: ndugu yako alikuwa anakwenda Msamvu? Halafu programu ya virusi ikaniambia kompyuta yangu iko salama. Mhariri wa zamani mbele ya teleksi angehesabu milio. Mimi sikuwa na cha kuhesabu, nilisoma vyote, kimoja kimoja, bahati nasibu na msiba.

Tuje sasa kwenye lile swali la kioo kipi. Jibu la mashine ni kavu. Ukiwa na skrini mbili, mojawapo inahesabiwa kuwa ndiyo kuu, na arifa huangukia kwenye hiyo. Kwenye Windows ni pembeni chini kulia ya skrini kuu, kwenye Macintosh ni juu kulia, kwenye Linux zenye GNOME ni juu katikati. Mashine haijui skrini ipi inatazamwa na nani. Haijui kama ile ya kulia imegeuziwa mteja au imegeuziwa ukumbi wa watu arobaini. Inajua tu ipi ni kuu, na mara nyingi aliyeifanya kuwa kuu ni bahati, au ni fundi aliyechomeka waya.

Hili lina machozi ndani yake. Kikundi chetu cha waandishi hukutana jioni kusomeana kazi, na kuna siku tuliazima projekta ili tuone maandishi ukutani wakati mwenyewe akisoma. Alisoma dada mmoja, simtaji, hadithi yake ya kwanza, nzuri kweli kweli, ya binti anayemficha mama yake kwamba ameacha chuo. Watu wametulia tuli. Ukutani, juu ya aya ya tatu, kikatokea kisanduku cha WhatsApp: mkopo wako umepitiliza siku 9, lipa leo kabla hatujawajulisha ndugu zako wafuatao. Na majina mawili ya mwanzo. Kuna waliocheka. Yeye aliendelea kusoma mpaka mwisho wa ukurasa, sauti ikitetemeka, akafunga kompyuta. Mkutano uliofuata hakuja, na uliofuata hakuja.

Wakopeshaji wa mtandaoni wa namna hii tunawajua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Mbinu yao ni ile ile ya mbiu: kukuita mbele ya watu ili aibu ikusukume. Yule dada alijaribu kuweka deni lake kwenye skrini ya nyumbani, kama mtu mwingine yeyote mwenye akili, na waliompigia pembe walilitaka barazani. Wao walikuwa wameahidi ndugu. Waliolisikia ni sisi.

Nikaichunguza kompyuta kwa kutaka kujua imekuwaje, kwani Windows zina ulinzi wa jambo hili tangu mwaka 2018. Kuna kanuni inayosema: kioo kikirudufishwa, yaani projekta ikionyesha kile kile kilichoko kwenye kompyuta, arifa zijifiche zenyewe. Kumbe kanuni hiyo inahusu kurudufisha tu. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P unapewa njia nne: kioo cha kompyuta peke yake, kurudufisha, kutandaza, na kioo cha pili peke yake. Ukitandaza, projekta inakuwa skrini ya ziada na arifa zinabaki kwenye kompyuta yako, almradi hujabadilisha ipi ni kuu. Lakini ukichagua kioo cha pili peke yake, wengi hufanya hivyo wakitaka kuokoa betri, ule ukuta wenyewe ndio unakuwa skrini kuu. Kila mwito utaangukia pale. Ndicho kilichotokea.

Kijiweni nimesikia ushauri kwamba dawa ni kuzima kila kitu. Kwa mwanafunzi anayeandika insha sawa, azime. Kwangu mimi haiwezekani, kwani mama mwenye barua ya rufaa ya hospitali anatuma picha yake kwa WhatsApp, na nisipoiona atakaa kwenye benchi mpaka jioni. Wazee wa vilima hawakuziba masikio, walikaa mlangoni. Kwa hiyo nimefanya hivi. Skrini inayonitazama mimi ndiyo kuu, na nimeiandika kwa peni ya wino mzito nyuma ya waya ili atakayeuchomoa aurudishe pale pale. Ya mteja haipati kitu zaidi ya barua yake. Hali ya usisumbue inawaka tangu asubuhi, na wenye ruhusa ya kupita ni watatu: printa, namba ya wateja, na nyumbani. Tena nimezuia maneno ya ujumbe yasionekane. Kisanduku kinasema tu umepata ujumbe. Nimekirudisha kuwa bip.

Kazi ya kupunguza ilinichukua jioni nzima. Kwenye mashine za 1980 uliandika biff na n, basi. Siku hizi unapita mlango kwa mlango, kila programu na swichi yake, na zile zinazokuja na toleo jipya hufungua tena ulichofunga mwezi jana. Kivinjari kimoja peke yake kilikuwa na tovuti 14 zilizopewa ruhusa ya kuniita, na zaidi ya nusu sizikumbuki.

Kwa jioni zetu za kusomeana tumeweka utaratibu. Anayesoma anatandaza, harudufishi, na kioo cha kompyuta yake ndicho kinachobaki kuu. WhatsApp ya kompyuta inafungwa kabisa, si kupunguzwa. Kisha anayefuata kusoma ndiye anayekagua mashine ya anayesoma, siyo mwenyewe, kwa sababu mwenyewe ana woga wa jukwaa na hataona. Projekta inawashwa mwisho. Yule dada nimempelekea utaratibu huu kwa karatasi, nimeukunja ndani ya nakala ya toleo lililopita, pamoja na tarehe ya mkutano ujao.